Supu Gani?

Kuna sentensi moja inafaa kustaafu: "Supu ni supu." Utaisikia kutoka vibanda vya Gikomba hadi baa za Kitengela, na mara nyingi anayeisema si muuzaji. Ni mteja. Ni sisi. Tunafika, tunanyoosha mkono, tunapewa kikombe cha moto, tunamwagia pilipili, tunakunywa tukiwa tumesimama huku macho yako kwa simu, halafu tunaondoka bila kujua tumekunywa nini. Kichwa au miguu? Mbuzi au ng'ombe? Imechemka tangu usiku au tangu saa mbili asubuhi? Hatujali. Supu ni supu, boss.

Sasa mchukue msee huyo huyo, umpeleke mkahawa wa vyakula vya Thailand kule Westlands. Ghafla amekuwa profesa. Atakueleza kwamba tom yum, ile supu kali na chachu ya mchaichai, majani ya mdimu, pilipili na ndimu, haiko ya aina moja. Kuna ile ya maji maangavu, wanaiita nam sai. Kuna ile nzito yenye maziwa, nam khon. Ukienda Isan, kaskazini-mashariki mwa nchi, utakuta binamu yake anayeitwa tom saep, mbavu za nguruwe zilizochemshwa na pilipili kavu. Ukitia tui la nazi na kuku, umeingia mtaa wa tom kha. Ukivuka mpaka hadi Malaysia, wana tomyam yao na hawaombi mtu ruhusa. Na profesa wetu atakuambia, bila aibu, kwamba ile ya mkahawa wa jirani "si yenyewe".

Sina ugomvi na tom yum. Ni supu kubwa na imepata heshima inayostahili. Mdororo wa uchumi uliokumba Asia mwaka 1997 ulianzia Thailand, sarafu yao ilipoporomoka, na watu wakaubandika jina la supu: mgogoro wa tom yum kung. Desemba 2024, UNESCO ikaiingiza tom yum kung, yaani ile ya kamba, kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni wa binadamu. Wathai walijua thamani yake kabla ya cheti, lakini cheti pia walikitafuta.

Ugomvi wangu uko hapa nyumbani. Kwamba kijana wa Nairobi anaweza kutofautisha supu ya Bangkok na ya Isan, ambako hajawahi kukanyaga, lakini hawezi kutofautisha supu mbili zinazouzwa hatua 20 kutoka kwa stage yake. Hiyo si kosa la ulimi, maana ulimi wake uko sawa. Ni kosa la adabu.

Twende Kinanie. Ukitoka Nairobi kwa Mombasa Road, ukipita Athi River na vumbi la viwanda vya saruji, unakunja kushoto kuingia ndani. Miaka si mingi iliyopita hapa palikuwa tambarare, nyasi, ng'ombe na upepo. Leo ni ploti, mabati, nyumba ambazo zimefika lenta zikaishiwa na pesa, na watu kutoka kila kona ya nchi waliofuata kazi za viwandani au kodi nafuu. Hapa ni Machakos, lakini ukisimama dukani asubuhi utasikia Kikamba, Kimaasai, Kiluhya, Kijaluo, Kikuyu na Kiswahili cha kila rangi. Mahali kama hapa, sufuria ya supu inafanya kazi ambayo ofisi ya chifu haiwezi. Inajua nani amefika.

Ukitaka ushahidi, sikiliza mazungumzo ya kibandani. Mteja anasema, "Mwaitu, niwekee ya kichwa." Mama anajibu bila kuinua macho, "Kichwa kimeisha, kijana yangu. Imebaki ya miguu, na ukitaka ndimu iko hapo." Sentensi mbili tu, na ndani yake kuna elimu nzima. Supu ya kichwa cha mbuzi ina mafuta mengine na harufu nyingine. Ya miguu inanata midomoni kwa sababu ya kano na ngozi zilizochemka hadi zikayeyuka. Ya mifupa ya ng'ombe yenye uboho ni nzito na tulivu, haina haraka. Mtu anayeziuza anajua kila moja inataka moto gani na kwa saa ngapi. Halafu anakuja mwingine anasema supu ni supu.

Na hapo bado hatujatoka kwa sufuria moja. Hebu tuzunguke kidogo.

Kwa majirani Wamaasai, ng'ambo ya tambarare hizo hizo za Athi, nyama huchemshwa na magome na mizizi. Ol-kiloriti ni mmoja wa miti inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Ladha ni chungu, inakausha ulimi, na ndiyo maana yenyewe: supu hiyo ni dawa na ni chakula, inanywewa na watu wanaokula nyama nyingi kwa pamoja na wanaojua tumbo linahitaji msaada. Hakuna pilipili. Ukali wake unatoka kwa mti.

Kwa Waluhya, mchuzi wa kuku wa kienyeji hausimami peke yake. Unasubiri ugali, na mtu akikuletea mchuzi kiduchu amekutusi. Kuna pia munyu, ile chumvi ya majivu ya mimea inayochujwa kwa maji, inayolainisha mboga na kubadilisha ladha ya sufuria nzima. Kwa Wajaluo, samaki mbichi wa ziwa huchemshwa polepole na mchuzi wake hunywewa kwa heshima zake, na kuna aliya, nyama iliyoanikwa, ambayo ikirudishwa kwa maji moto hutoa mchuzi wenye moshi na jua ndani yake.

Eastleigh, ukiketi tu kwa hoteli ya Kisomali, kabla hujaagiza unaletewa maraq. Haimo kwenye hesabu, haina mjadala. Ni supu safi ya mbuzi au ngamia, na pembeni kuna ndimu na basbaas, pilipili ya kusagwa inayofanya masikio yako yaanze kuimba. Pale, supu ni salamu. Unasalimiwa kwanza ndipo uulizwe shida yako.

Shuka Mombasa jioni. Supu ya pweza inauzwa kando ya barabara, kikombe kidogo, vipande vya mikono ya pweza, ndimu, pilipili. Vuka mpaka uende Kilimanjaro, kuna mtori, ndizi na nyama vilivyopikwa hadi vikapondeka, chakula anachopewa mama aliyejifungua. Dar es Salaam supu ni ya asubuhi: unaagiza ya utumbo au ya makongoro, unaweka chapati mbili pembeni, na hakuna anayekuuliza kama jana ulilewa. Zanzibar kuna urojo, na hapa nawaomba mashabiki wa tom yum wakae vizuri. Uji mwepesi wa rangi ya manjano, uchachu wa embe bichi au ndimu, bajia, kachori, viazi, chatne ya nazi, pilipili, na muhogo wa kukaanga unaovunjika juu yake. Ni kali, ni chachu, ina nazi, ina bahari nyuma yake. Kama unatafuta ndugu wa supu ya Thailand katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, anaishi Unguja, na kumfikia ni ferry.

Kwa hivyo hatuna uhaba wa aina. Tuna uhaba wa majina midomoni. Na majina yakikosekana kitu hugeuka kuwa bure, na kitu cha bure hakina mwenyewe.

Kinanie hasa inapaswa kulijua hili kuliko mahali pengine popote Kenya, kwa sababu hapo jirani, Athi River, ndipo mchuzi wa mifupa ulipowahi kuwa siasa.

Anza mbali kidogo. Mwanakemia Mjerumani aitwaye Justus von Liebig, katika miaka ya 1840, alieleza namna ya kuchemsha nyama hadi ibaki rojo nzito, supu iliyokazwa, inayoweza kusafirishwa na kuhifadhiwa. Kampuni iliyobeba jina lake ilianza biashara mwaka 1865, ikaweka kiwanda Fray Bentos, Uruguay, kwa sababu rahisi: ng'ombe wa huko walikuwa bei ya kutupa. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyowaletea Waingereza Oxo, na mwaka 1910 ikaitengeneza kuwa kile kidonge cha mraba. Kidonge kimoja, maji moto, umepata supu. Hakina kichwa, hakina miguu, hakina mahali kilipotoka. Hicho ndicho "supu ni supu" ikiwa imefungwa kwa karatasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Liebig wakaja Athi River. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi na wa bei ya chini. Kwa bahati nzuri yao, serikali ya kikoloni ilikuwa tayari inahubiri kwamba Waakamba wana mifugo mingi kuliko ardhi, na kwamba mmomonyoko wa udongo ni kosa la ng'ombe wao. Haikuhubiri kwa sauti hiyo hiyo kuhusu ardhi waliyopewa walowezi. Mwaka 1938 ng'ombe wa Ukambani walianza kukamatwa na kuuzwa kwa nguvu, kwa bei ambayo hakuna mfugaji angeikubali akiwa na uhuru wa kukataa.

Waakamba walikataa. Chini ya uongozi wa Muindi Mbingu na chama cha Ukamba Members Association, Julai 1938 umati wa wanaume, wanawake na watoto ulitembea hadi Nairobi, ukapiga kambi, ukasema unataka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka kuisha serikali ilirudi nyuma, na uuzaji wa lazima ukasitishwa. Leo jina lake liko kwa mtaa wa Nairobi unaopita City Market, pale ambapo nyama inaning'inia na kupimwa kila siku, na wengi wetu tunaupita tukitafuta matatu.

Fikiria hilo tena. Watu walitembea hadi jiji kuu kwa sababu ng'ombe wao walikuwa wanaelekea kugeuzwa rojo na chakula cha mikebe kwa ajili ya meza za wengine. Ng'ombe huyo kwa mwenyewe alikuwa mahari, maziwa, bima, jina la ukoo. Kwa kiwanda alikuwa kilo. Vita vyenyewe vilikuwa kuhusu nani ana haki ya kuamua kitu hiki kinaitwaje.

Na sasa tazama tulipo. Mwaka 1950 Kenya Meat Commission ilianzishwa, na kiwanda chake kikubwa kiko hapo hapo Athi River. Mwaka 2020 ikahamishiwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Nyama, basi, ina tume yake na hata ina jeshi lake. Kinanie yenyewe imetengewa eneo la viwanda vya ngozi, ekari kwa ekari, na kila serikali ikija inasimama hapo na kofia ya ujenzi kichwani. Ngozi, basi, ina mradi wake. Mifupa, kichwa, miguu, na ule mchuzi uliomlisha mfanyakazi aliyekuja kujenga huo mradi? Iko chini ya mwavuli uliochanika kando ya barabara, ikisubiri askari wa kaunti waje kuuliza leseni.

Mnyama ni mmoja. Nusu yake inaitwa uchumi na nusu inaitwa takataka. Nani aliyechora huo mstari? Na kwa nini tunausaidia kwa kinywa chetu kila asubuhi?

Kuna njia tatu tunazotumia kuidharau supu, na zote zinajifanya sifa.

Ya kwanza ni kusema ni ya kutoa lock. Kana kwamba kazi ya mtu kuamka saa tisa usiku kuwasha jiko ilikuwa kurekebisha Jumamosi yako. Ya pili ni nguvu za kiume. Pweza wa watu amechemshwa kwa ustadi, ametiwa ndimu kwa kipimo, halafu wanaume wazima wanacheka kwa kona wakinong'onezana. Ladha haizungumziwi hata kidogo, na mwanamke anayetaka kunywa supu yake kwa amani anatazamwa kama amepotea njia. Ya tatu ni ile ya "chakula cha mtu wa mkono", inayosemwa kwa upole na watu ambao wakipewa mchuzi wa mifupa kwa chupa ya kioo kule supermarket, umeandikwa una kolajeni, wanalipa bila kuuliza.

Kuna watakaonipinga, na wana hoja. Nizichukue zile nzito.

Hoja moja inasema: ukianza kugawa supu kwa maeneo, utaleta ukabila hadi kwa sufuria. Naielewa hofu hiyo, sisi ni nchi yenye makovu. Lakini tofauti si kidonda. Kidonda ni kupanga tofauti kwa ngazi, hii ya juu, ile ya chini. Kinanie watu wanakunywa supu za wenzao kila siku na hakuna aliyebadilishwa kitambulisho. Kinachotugawanya ni kutojua, maana mtu usiyemjua chakula chake ni rahisi kuambiwa lolote kumhusu. Na tusidanganyane: anayedai "supu moja ya Kikenya" kwa kawaida anamaanisha supu ya kwao.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Inasema: ukiipa supu heshima, utaipandisha bei, na yule wa mkono atafungiwa nje. Ni kweli imewahi kutokea kwa vyakula vingi duniani. Lakini angalia nani analipa kwa sasa. Mifupa ambayo zamani bucha ilikuwa ikikugawia sasa inapimwa kwa mizani. Makaa yamepanda, maji ya Kinanie mara nyingi ni ya kununua kwa mitungi, na chungu kinakaa motoni saa nyingi kabla kikombe cha kwanza kuuzwa. Gharama zote hizo anazimeza mama wa kibanda, kwa sababu akiongeza shilingi 10 tu utasikia, "Kwani ni nini hii, si ni maji ya mifupa?" Bei ya chini tunayoitetea kwa jina la maskini inatoka kwa mfuko wa maskini mwingine. Kama tunataka supu ibaki nafuu, tupiganie maji ya mfereji, kivuli cha kudumu na leseni isiyomfilisi mtu. Kumdharau mpishi si ruzuku.

Hoja ya tatu husemwa kwa dharau kidogo: kuna mambo makubwa zaidi ya kuandika. Sawa. Lakini mwaka 2021 UNESCO iliipongeza Kenya kwa kazi ya kuhifadhi vyakula vya kienyeji. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007, na ndani yake iliorodheshwa mimea ya kienyeji ipatayo 850 pamoja na majina yake ya asili. Mtu alikaa chini, akauliza wazee, akaandika jina kwa jina. Leo mrenda na managu vinauzwa supermarket na hakuna anayeviita magugu. Haikuwa bahati. Ilikuwa orodha, na subira, na watu walioamini kwamba jina la mboga ni jambo kubwa. Ile ilikuwa hesabu ya majani. Hesabu ya sufuria bado inasubiri wenye kalamu.

Wenye kalamu ni nani? Ni wewe unayesoma hapa, unayejua kupiga picha ya chakula kabla ya kukila, unayeweza kuandika mistari 40 kuhusu kahawa. Sikuombi ufungue mkahawa wala uanzishe tamasha. Naomba vitu vidogo vyenye uzito. Ukienda kwa kibanda, uliza ni ya nini na imechemka tangu lini, na usikilize jibu. Ukiandika hadithi na mhusika wako anakunywa supu, tuambie supu gani, kama ambavyo ungetuambia ni gari gani aliendesha. Kama unamjua nyanya ambaye bado anatia gome fulani kwa mchuzi, mwandike jina la hilo gome kwa lugha yake kabla ya kutafuta tafsiri. Na wewe muuzaji, kama kijana wako anakusomea haya kwa simu, mwambie akuandikie ubao. Usiandike SUPU. Andika: KICHWA, MBUZI, TANGU SAA TISA USIKU, NDIMU IKO.

Ubao kama huo ungefanya kazi kuliko hotuba nyingi. Ungemlazimisha mpita njia kuchagua, na mtu akishachagua amekubali kwamba kuna tofauti, na akishakubali kuna tofauti amekubali kuna ujuzi, na ujuzi una mwenyewe na una bei.

Wathai hawakuitetea tom yum kwa kusema ni moja. Waliitetea kwa kuacha Isan iwe Isan. Sisi tuna Ukambani, tuna Umaasaini, tuna ziwa, tuna Eastleigh, tuna pwani nzima hadi Unguja, na tuna Kinanie, ambako hizi zote zinaanza kukaa jirani kwa jirani na pengine siku moja zitazaa supu ambayo bado haina jina. Ikizaliwa, itataka mtu wa kuitambua.

Basi tuanze na swali. Ukiambiwa "kuna supu", usinyooshe mkono kwanza. Uliza: supu gani?